Mbwa hakumwambukiza mwanao: pavo ya mbwa, pavo ya watu na mtoto wa sikoseli

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Uyole, Mbeya. Nina watoto watatu, wawili wana sikoseli: wa kiume ana miaka saba, wa kike ana minne. Mwezi uliopita tulileta mtoto wa mbwa, akaharisha damu siku tatu akafa. Daktari wa mifugo alisema ni pavo. Siku tano baadaye mwanangu wa kiume akaanza homa. Tulidhani ni malaria. Siku ya nne alikuwa amepauka hadi viganja, hawezi kwenda chooni bila kushikwa. Hospitali walikuta damu ni 3.9, na kawaida yake ni 7.6. Aliongezewa damu, sasa anaendelea vizuri. Daktari kijana pale wodini akasema huenda ni kirusi kinaitwa pavo. Niliposikia jina hilo nikaishiwa nguvu. Mama mkwe anasema nimeingiza ugonjwa ndani kwa kupenda mbwa, na mume wangu anataka mbwa wawili waliobaki wauawe. Mdogo wangu anaishi kwetu na ana mimba ya miezi mitano. Leo ni siku ya kumi na sita tangu homa ya mtoto ianze. Je, ni mbwa aliyemwambukiza?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana. Swali lako ni la mbwa na nitalijibu kwa kirefu, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Lakini katika maelezo yako kuna mtu anayenitia wasiwasi kuliko mbwa wote, naye ni binti yako wa miaka minne. Kesho asubuhi, kabla ya shughuli nyingine yoyote, mpeleke akapimwe wingi wa damu. Mpeleke hata kama anacheza na anakula vizuri. Chukua na kadi yake ya kliniki ili walinganishe na namba zake za nyuma. Sababu utaiona huko mbele.

Sasa mbwa. Hapana, mbwa hakumwambukiza mwanao.

Pavo ni jina la ukoo. Limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu kidogo, kwa sababu virusi vya ukoo huu ni miongoni mwa vidogo kabisa vinavyojulikana. Ndani ya ukoo huo wamo wengi: yupo wa mbwa, yupo wa paka, yupo wa nguruwe, na wapo wa binadamu. Huku kwetu majina yanayoanza na Mwa- yamejaa kuanzia Tukuyu hadi Kyela, na ukikuta watu wawili wenye jina moja kwenye orodha ya shule huwezi kusema wanalala nyumba moja. Kirusi kilichomuua mtoto wako wa mbwa na kirusi kilichomlaza mwanao wanachangia jina la ukoo, basi. Hawakai mwili mmoja.

Kirusi cha pavo ya mbwa kilijitokeza mwaka 1978. Kilitokana na kirusi cha paka kilichobadilika kidogo, na katika muda mfupi kikawa kimezunguka dunia nzima kikiua mbwa wadogo. Hushambulia utumbo, ndiyo maana uliona kuhara damu. Tangu mwaka huo mamilioni ya watu wameishi na mbwa wenye ugonjwa huo, na madaktari wa mifugo wameosha vinyesi vyao kwa mikono yao, wala haijaonekana binadamu aliyeugua kwa sababu hiyo.

Kirusi cha watu kinaitwa pavo B19, na chenyewe kinachagua mno pa kuingilia. Ili kirusi kiingie kwenye chembe ya mwili ni lazima kikute mlango unaolingana na ufunguo wake. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mlango wa B19 ni kitu kiitwacho antijeni P, ambacho kimejaa kwenye chembe zinazozaa damu nyekundu ndani ya uboho wetu, yaani ute laini ulio ndani ya mifupa. Mwaka uliofuata wakaonyesha jambo lililomaliza ubishi: wapo watu wachache sana duniani waliozaliwa bila antijeni P, na watu hao hawaambukizwi B19 kabisa. Hakuna mlango, hakuna ugonjwa.

Basi mwanao alikipata wapi? Kwa mtoto mwenzake, karibu kwa hakika. B19 husafiri kwa mate na kamasi, kwa kukohoa na kupiga chafya, kama mafua. Fikiria darasa lenye watoto wengi asubuhi ya baridi ya Mbeya, madirisha yamefungwa, watatu kwenye dawati moja. Mtoto mmoja ana homa kidogo na kamasi. Siku mbili tatu amepona, hakuna aliyeandika jina lake popote. Huyo ndiye.

Vitabu vingi vinasema mtoto mwenye B19 hutoka wekundu mashavuni kama aliyepigwa makofi. Picha zao ni za watoto wa Kizungu. Kwenye ngozi zetu wekundu huo hauonekani kirahisi. Labda utaona mashavu yana joto, au vipele vidogo mikononi ambavyo mama anadhani ni jasho au mafuta mapya. Isitoshe, vipele vinapotokea, mtoto wa kawaida huwa ameshaacha kuambukiza. Alikuwa anaambukiza wiki iliyotangulia, alipoonekana mzima. Kwa hiyo usitafute mtoto wa jirani wa kumlaumu, maana hata mama yake hakujua.

Nikueleze jinsi kirusi hiki kilivyogunduliwa, kwa sababu historia yake inaeleza kilichompata mwanao kuliko ambavyo ningeeleza kwa maneno yangu.

Mwaka 1948 daktari wa Norway, Paul Owren, alikuwa na wagonjwa wa familia zenye ugonjwa wa kurithi unaofanya chembe nyekundu zivunjike upesi. Si sikoseli, lakini tabia yake inafanana nayo. Ghafla wagonjwa wale walikuwa wakipungukiwa damu vibaya sana. Wakati ule madaktari waliamini kwamba kipindi kibaya kama hicho kinatokana na damu kuvunjika kwa kasi zaidi. Owren aliangalia uboho akakuta kinyume chake: uboho umesimama. Kiwanda kimezima. Lakini nani amekizima, hakujua.

Miaka karibu 27 ikapita. Mwaka 1975, jijini London, Yvonne Cossart na wenzake walikuwa wakichunguza damu za watu kutafuta homa ya ini ya aina ya B. Hawakuwa wakitafuta kirusi kipya. Kipimo kikawa kinatoa jibu lisiloeleweka kwenye damu fulani. Walipoitazama kwa darubini ya elektroni wakaona vijiduara vidogo sana. Sampuli ile ilikuwa namba 19 kwenye kundi B, na kirusi kikaitwa hivyo hivyo, B19, hadi leo. Kilikuwa na jina lakini hakikuwa na ugonjwa. Hakuna aliyejua kinafanya nini.

Walioleta jibu ni watoto wa sikoseli. Mwaka 1981 watafiti wa London walikuta B19 kwenye damu za watoto wa sikoseli waliokuwa wamelazwa kwa damu kushuka ghafla. Mwaka huohuo daktari Graham Serjeant na wenzake kule Jamaika wakaonyesha kwamba mlipuko wa matukio kama hayo ulikwenda sambamba na kirusi hicho. Kitu alichokiona Owren mwaka 1948 kikapata mwenyewe. Miaka miwili baadaye, 1983, ikajulikana kwamba B19 hiyohiyo ndiyo inayoleta mashavu mekundu kwa watoto wengine. Kirusi ni kimoja. Tofauti iko kwenye damu ya mtoto kinayemkuta.

Kuna utafiti mmoja ninaowasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Mwaka 1985, Uingereza, watu wazima wenye afya walijitolea kutiwa B19 puani ili wafuatiliwe siku kwa siku. Baada ya wiki moja hivi walipata homa na kujisikia vibaya, na damu yao ilikuwa imejaa virusi kwa idadi isiyosemeka. Wakati huohuo chembe changa nyekundu, zile zinazotoka ubohoni kila siku kuingia kwenye damu, zikatoweka. Wiki iliyofuata virusi vikaisha, chembe changa zikarudi, ndipo vipele na maumivu ya viungo vikaja. Watu wale walikuwa wazima, hivyo wingi wa damu yao ulishuka kidogo tu. Uboho wao ulisimama kama wa mwanao, na wao wakaendelea na maisha.

Kwa nini wao walistahimili na yeye akaanguka? Hapa nakuomba ufikirie simtanki la maji.

Nyumba yenye tanki zima, maji ya bomba yakikatika wiki moja, watu wanaoga kwa kubana lakini hawafi kiu. Nyumba ambayo tanki lake limetoboka chini haina shida mradi bomba linatoka usiku na mchana: yanayovuja yanafidiwa. Bomba likikatika siku tatu, tanki ni tupu. Chembe nyekundu ya mtu mzima kiafya huishi siku 120 hivi, kwa hiyo kila siku anapoteza karibu moja kati ya mia. Chembe ya mtu wa sikoseli huishi siku 10 hadi 20 tu. Uboho wa mwanao umekuwa ukifanya kazi mara nyingi zaidi ya ule wa mwenzake darasani tangu azaliwe, mchana na usiku, ili tu kumweka kwenye 7.6. B19 inauzima kwa siku saba hadi kumi. Tuchukue chembe zake zinaishi siku 15: kila siku inaondoka sehemu moja ya kumi na tano, bila kufidiwa. Baada ya siku saba imekwenda karibu nusu. Nusu ya 7.6 ni 3.8. Wewe umeniandikia kwamba mwanao alikutwa na 3.9.

Daktari kijana aliyekutajia pavo ameona vizuri, mpelekee shukrani zangu.

Nilikijua kitu hiki kwa macho yangu nikiwa bado daktari mchanga, katika hospitali moja ya nyanda hizi za juu. Waliletea wodi yetu msichana wa miaka tisa kutoka kwenye baridi ya milimani. Alikuwa amechomwa sindano za malaria mara mbili na kupewa dawa za taifodi, ingawa kipimo cha malaria kilikuwa hakionyeshi kitu. Wingi wa damu ulikuwa 3.2. Macho yake hayakuwa manjano kuliko kawaida. Bandama haikuwa imevimba. Mzee wetu wa maabara akachukua damu, akaichanganya na ile rangi ya buluu, akasubiri, akapaka kwenye kioo, kisha akaniita. Kwa mtoto wa sikoseli, ukitazama chembe mia moja za damu kwa rangi ile, kumi au zaidi zitakuwa na nyuzinyuzi za buluu ndani yake. Hizo ndizo chembe changa, zimetoka ubohoni jana au leo. Tulisogeza kioo kidogo kidogo, duara moja hadi jingine. Chembe zote zilikuwa tupu. Tulihesabu elfu moja hatukuona hata moja yenye uzi wa buluu. Yule mzee akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, huyu hatengenezi."

Akaongezewa damu. Siku ya nane tukarudia kioo, nyuzi za buluu zimejaa kila mahali.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Msichana yule alilazwa kitanda cha katikati, kulia na kushoto kwake wakiwa watoto wengine wawili wa sikoseli. Hakuna aliyewatenganisha, nami sikusema. Ndani ya majuma mawili wote wawili walipauka, na mmoja alikaribia kutuponyoka. Mgonjwa mwenye kusimama kwa uboho huwa na virusi vingi sana damuni na kooni. Hatakiwi kulala karibu na mtoto mwingine wa sikoseli, wala karibu na mjamzito, wala kuhudumiwa na muuguzi mwenye mimba akiwepo mwingine wa kumsaidia. Sijawahi kuusahau uzembe ule, na ndiyo sababu nilianza na binti yako.

Ndani ya nyumba moja, kati ya wale ambao hawajawahi kuugua B19, karibu nusu huipata kutoka kwa aliyeugua. Tangu kuambukizwa hadi kuugua ni siku 4 hadi 14, mara nyingine hadi 21. Mwanao alikuwa anaambukiza sana siku za homa na siku alizolazwa. Hesabu mwenyewe: binti yako yuko katikati ya kipindi hicho hivi sasa, na hakijaisha hadi zitimie wiki tatu tangu kaka yake alazwe. Mpime kesho, mpime tena baada ya siku nne, kisha mara nyingine mwishoni mwa kipindi hicho. Omba na kipimo cha chembe changa nyekundu, kinachoitwa retikulositi. Si cha gharama kubwa na hakihitaji mashine ya ajabu, ni rangi, darubini na mtu mwenye subira. Wingi wa damu ukiwa bado mzuri lakini chembe changa zimetoweka, umekamata ugonjwa kabla haujamwangusha. Kila jioni mtazame ndani ya kope, ulimi na viganja, uvilinganishe na vyako mwenyewe penye mwanga wa jua.

Jifunze pia namna ya kupapasa bandama, chini ya mbavu za kushoto. Bandama ikivimba ghafla na mtoto akapauka, hiyo si pavo. Hapo damu imejikusanya ndani ya bandama, na inaweza kumuua mtoto kwa saa chache. Katika hali hiyo chembe changa huwa nyingi, uboho unafanya kazi kwa nguvu zote. Tiba ya zote mbili inaanzia hospitali, kwa hiyo wewe usichague ni ipi. Kimbia tu.

Kuna kitu kimoja nakukataza kwa upendo. Majirani watakuletea juisi ya rozela, bitiruti, matembele, na yule wa duka la dawa atakuuzia dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma. Matembele na mboga nyingine mpe, ni chakula kizuri. Lakini kiwanda kilichozimwa hakiwashwi kwa malighafi. Na mtoto wa sikoseli aliyewahi kuongezewa damu huenda ana chuma cha kutosha mwilini, hata kupita kiasi. Usimpe cha vidonge mpaka daktari wake apime na kusema. Foliki asidi yake aendelee nayo, na kama yupo kwenye haidroksiyurea, ile dawa ya sikoseli, muulize daktari aliyempa kama aisimamishe kwa muda mpaka uboho urudi. Usiamue mwenyewe.

Dawa ya kuua B19 haipo. Chanjo nayo haipo bado. Ilijaribiwa moja Marekani kwa watu wazima waliojitolea, wachache wao wakatokwa na vipele visivyoelezeka, jaribio likasimamishwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Naumia kila ninapolikumbuka hilo, kwa sababu nchi kama yetu, ambako inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na sikoseli kila mwaka, ndiyo ingefaidika kuliko wote. Kwa sasa tiba ni damu, ya kumvusha mtoto mpaka uboho uamke wenyewe. Kwa hiyo mume wako akitaka kufanya jambo la maana wiki hii, aende akachangie damu kituo cha Damu Salama kabla hatujaihitaji.

Habari njema kwa mwanao ni hii: hatarudi huko. Serjeant na wenzake waliwafuatilia watoto wa sikoseli wa Jamaika kwa miaka mingi, na aliyekwisha kuugua B19 hakuonekana kupata tukio hilo mara ya pili. Kinga yake ni ya maisha. Ila ina maana pia kwamba akipauka tena siku za mbele, asiwepo mtu wa kusema "ni ile pavo yake". Itakuwa ni kitu kingine, na kitafutwe.

Mdogo wako. Asiogope, lakini asinyamaze pia. Aende kliniki ya wajawazito wiki hii aseme wazi: "Nimeishi nyumba moja na mtoto aliyeugua B19." Katika nchi nyingi karibu nusu ya wanawake wazima huwa wameshaugua utotoni bila kujua, na hao wana kinga. Kipo kipimo cha damu kinachoonyesha kinga ya zamani na maambukizi mapya. Hakipatikani kila maabara, hivyo aulize kama sampuli inaweza kupelekwa panapofanyika. Mama asiye na kinga akiambukizwa, kirusi humfikia mtoto tumboni kwa takriban mimba moja kati ya tatu, na hata hapo watoto walio wengi huzaliwa salama. Wachache hupungukiwa damu tumboni, moyo ukazidiwa, wakajaa maji mwilini. Sababu ni ileile ya tanki: chembe nyekundu za mtoto aliye tumboni hazidumu kama zetu, na anazihitaji nyingi kila siku maana anakua. Hatari kubwa ni kabla ya wiki 20, na yeye yuko ukingoni hapo. Ikithibitika ameambukizwa, au kipimo kikikosekana, afuatiliwe kwa picha za utrasaundi kila wiki moja au mbili, kwa wiki 8 hadi 12, mpimaji akitafuta maji mwilini mwa mtoto na kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo wake. Likionekana tatizo, atapewa rufaa. B19 si sababu ya kutoa mimba, na haijulikani kuwa chanzo cha kawaida cha ulemavu. Akikuta mtu anamwambia hivyo, asimsikilize.

Nawagusia na wengine wanaosoma hapa. Mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya iko miongoni mwa yenye watu wengi zaidi wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, B19 haiondoki kwa wiki moja. Inaweza kukaa miezi, damu ikiwa chini muda wote. Mgonjwa wa namna hiyo anayeongezewa damu kila mara bila sababu kujulikana, daktari wake akumbuke kirusi hiki, na ahakikishe dawa za kufubaza zinafanya kazi, maana kinga ikipanda mwili wenyewe mara nyingi hukimaliza.

Kuosha mikono kunasaidia, kwa sabuni na maji yanayotiririka. Vitakasa mikono vya spiriti havikiwezi vizuri kirusi hiki, kwa sababu hakina lile ganda la mafuta ambalo spiriti huliyeyusha.

Sasa nirudi kwa mbwa na kwa mama mkwe.

Mbwa wawili waliobaki msiwaue. Hawana kosa, na kuwaua hakutamkinga mtoto yeyote. Wapelekeni chanjo, na ya kwanza iwe ya kichaa cha mbwa, maana huo ndio ugonjwa wa mbwa unaoua watu. Mkitaka mtoto mwingine wa mbwa, msimlete sasa: kirusi cha pavo ya mbwa hukaa kwenye udongo na sakafu kwa miezi mingi, hata kufika mwaka. Safisheni banda na vyombo kwa maji yenye dawa ya klorini, na huyo mpya aje akiwa amemaliza chanjo zake, zinazoanza akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa mpaka afike wiki 16.

Mama mkwe wako naye amepata hofu, na mtu mwenye hofu hutafuta pa kuiweka. Mketi naye, umpe ile hesabu ya tanki, ataielewa haraka kuliko unavyodhani. Amechota maji maisha yake yote. Na kama maneno ya kulaumu yatafika kwenye sikoseli yenyewe, kama ninavyoona kwenye familia nyingi, mume wako ndiye wa kusimama na kusema kwamba mtoto wa sikoseli hurithi kwa baba na kwa mama, nusu kwa nusu. Hakuna upande mmoja ulioileta.

Kingine ni mwalimu wa darasa. Kabla mwanao hajarudi shuleni, nenda umwambie kilichotokea, umwulize kama kuna mtoto mwingine wa sikoseli pale, au mwalimu mjamzito. Mwanao hataambukiza mtu sasa, lakini kirusi bado kinaweza kuwa kinazunguka madawati.

Na kesho, damu ya binti yako ikipungua pointi mbili chini ya kawaida yake, au chembe changa zisipoonekana, usikubali kurudishwa nyumbani na dawa za malaria. Mwambie anayekuhudumia, kwa heshima lakini bila kusita: kaka yake alishuka hadi 3.9 wiki mbili zilizopita, naomba alazwe chumba cha peke yake, na damu ya kundi lake itafutwe usiku huohuo.